Kuku wa Nakivale si kuku wa Katwe

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaopita nyumba kwa nyumba huku Katwe, Nsambya, Kabalagala na Makindye, tumezoea kuulizwa mambo ya malaria, chanjo na karatasi za rufaa. Lakini siku hizi kuna swali linalorudi karibu kila wiki: "Muganga, ninunue kuku gani anayetaga sana?" Mimi si daktari wa mifugo wala mfugaji mkubwa. Hata hivyo swali hili linahusu afya, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ni mama ambaye utepe wa kupima mkono wa mtoto wake umeonyesha rangi ya njano, na tumemshauri ampe mtoto mayai.

Maoni yangu ni kwamba kumchagua kuku kwa kutazama idadi ya mayai peke yake kunatupotosha. Ni lazima tuulize mambo mawili pamoja: anataga mangapi, na anakula nini wapi. Mtu aliyefuga vizuri kule Nakivale anaweza kuja Kampala na kuku wale wale akapata hasara, na mwenye kuku wazuri hapa mjini akiwapeleka Nakivale anaweza kuwazika wote kwa mwezi mmoja. Tuwaangalie mmoja mmoja.

Kuku wa kienyeji tunawajua wote. Majirani zetu Waganda wanamwita enkoko enganda. Tembe wake ana uzito wa kilo moja na kidogo, anaanza kutaga akiwa na miezi 6 au 7, anataga mayai 10 hadi 15 halafu anaatamia. Akishaangua analea vifaranga kwa wiki nyingi bila kutaga hata yai moja. Ndiyo maana kwa mwaka anatoa mayai 40 hadi 50 tu, na ni madogo. Lakini ana sifa ambazo hao wengine hawana: anajitafutia chakula, anaangua mwenyewe, anamwona mwewe kabla mwewe hajamwona, na akifa mmoja hujapoteza mtaji mkubwa.

Wa pili ni kuku wa mayai wa kisasa, yule mwekundu wa kahawia. Majina yake ni mengi kwa sababu kampuni ni nyingi: ISA Brown asili yake Ufaransa, Lohmann Brown ya Ujerumani, Hy-Line Brown ya Marekani, na Bovans. Kwa mfugaji mdogo tofauti kati yao ni ndogo mno, usigombane na muuzaji kwa jina. Kuku huyu ametengenezwa kwa kazi moja. Mwili wake haukui sana, akiwa mkubwa ana kilo 2 hivi, anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na haatamii. Karatasi za kampuni zinasema anapita mayai 300 kwa mwaka. Ni kweli anaweza, lakini karatasi hizo zinahesabu chakula kamili kila siku, chanjo zote na mwanga wa saa 16. Hapa tulipo karibu na ikweta jua linatupa saa 12 mwaka mzima, na wafugaji wakubwa wanaongeza taa usiku. Sisi ambao umeme wa kulipia kabla unakwisha tukiwa mezani, tuhesabu mayai 250 na tusilalamike.

Wa tatu ni huyu anayeongelewa sana, Kuroiler. Alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms ili akina mama wa vijijini wapate kuku anayekula mabaki ya nyumbani na majani kama wa kienyeji, lakini anayekua haraka. Aliletwa Uganda mwaka 2010 kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha Arizona State cha Marekani na kituo cha serikali cha mbegu za mifugo kilichoko Entebbe. Alipojaribiwa vijijini akizurura pamoja na kuku wa kienyeji, alikua na kuwaacha mbali kwa uzito. Jogoo wa miezi 6 anapita kilo 2 bila shida. Mayai yake wanayoahidi ni 150 hadi 200 kwa mwaka. Kuna pia Sasso kutoka Ufaransa, ambaye kwa mambo mengi anafanana naye: mwili mkubwa, nyama nzuri, mayai ya wastani.

Kwa kusikiliza hivi, wengi wanasema, basi Kuroiler ndiye bora, ana nyama na mayai pamoja. Hapo ndipo mimi nasimama na kuomba tuchukue kalamu.

Mwili mkubwa unakula kabla ya yai kutengenezwa. Kuku wa mayai mwekundu anakula gramu 115 hivi kwa siku, yaani kilo 42 kwa mwaka. Gawa kwa mayai 250, unapata kwamba trei moja ya mayai 30 imekula kilo 5 za chakula. Kuroiler aliyefungiwa, tuseme anakula gramu 140 kwa sababu ya ukubwa wake, hizo ni kilo 51 kwa mwaka. Akitaga mayai 150, trei moja imekula kilo 10. Na kuku wa kienyeji ukimfungia ndani na kumlisha gramu 80 za kununua kila siku, kwa mayai 45 ya mwaka, trei yake imekula kilo karibu 20. Umeona namna hesabu inavyopanda? Tano, kumi, ishirini. Mama mmoja wa Nsambya aliyekuwa na Kuroiler wanane kwenye banda la mabati aliniambia, "Hizi kuku zinakula kama askari." Hakukosea hata kidogo.

Lakini hesabu hiyo inageuka mara moja pale ambapo chakula hakinunuliwi. Kule Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja familia ina kipande cha ardhi. Kuna mchwa, panzi, majani, punje zinazobaki baada ya kupura mahindi, maganda ya viazi. Kuku wa kienyeji akizurura siku nzima, gharama yake ni kiganja cha mahindi jioni ili ajue njia ya nyumbani. Hapo mayai yake 45 ni karibu ya bure. Kuroiler akizurura hapo anafanya vizuri zaidi, maana ana tabia ya kutafuta, na jogoo zake zinauzwa kwa bei ya maana. Na yule mwekundu wa mayai? Ukimwachia azurure bila chakula kamili anakonda, anapunguza mayai, ganda linakuwa laini, halafu mwewe anamaliza kazi. Hakuzaliwa kwa maisha hayo.

Kwa hiyo kwa familia yenye ardhi kwenye makazi ya wakimbizi, nasema Kuroiler wachache pamoja na tembe wa kienyeji wa kuatamia. Kwa familia ya Kampala inayopanga chumba kimoja au viwili, yenye kona ya ua yenye ukubwa wa meza mbili, na ambayo kila punje ya chakula inatoka dukani, nasema kuku 5 wekundu wa mayai, au usifuge kabisa.

Hilo la kutofuga kabisa nalisema kwa makusudi. Nenda Kisenyi kwenye mashine za kusaga, au Container Village pale Nakivubo wanakouza vyakula na dawa za mifugo, uliza bei ya kilo 5 za chakula cha kutagia. Halafu uliza bei ya trei ya mayai sokoni siku hiyo hiyo. Kama kilo 5 zinakaribia bei ya trei, au zimeipita, nunua mayai mtoto wako ale na uache kuku kwa wenye mashamba. Bei hizi zinapanda na kushuka kila msimu wa mahindi, kwa hiyo jibu la mwezi wa Februari linaweza lisiwe jibu la Agosti. Na ukumbuke hapo hujahesabu kulea. Kifaranga mwekundu wa siku moja anakula kilo 6 hadi 7 mpaka afike wiki ya 18, na hajakupa kitu.

Hapa nina neno kwa wale wanaogawa kuku kwa wakimbizi. Nimeona mradi mmoja, jina nauacha, uliogawa vifaranga kumi kumi vya siku moja kwa familia zinazolala watu sita katika chumba kimoja. Kifaranga cha siku moja kinahitaji joto la nyuzi 32 hivi wiki ya kwanza, mchana na usiku. Familia zile zilikuwa zinahesabu makaa ya kupikia ugali. Baada ya wiki mbili vifaranga vilivyobaki vilihesabika kwa vidole, na kwenye ripoti bila shaka iliandikwa kaya kadhaa zimewezeshwa. Ni heri kutoa kuku 4 wenye wiki 16 kuliko vifaranga 10. Ni heri zaidi kuuliza kwanza: una ua? Mwenye nyumba anakubali? Chakula cha mwezi wa pili kitatoka wapi? Kuku 5 wakubwa wanakula zaidi ya kilo 17 kwa mwezi, na hakuna mradi niliouona ukileta chakula mpaka mwezi wa pili.

Nawe msomaji unayenunua mwenyewe, macho yawe wazi. Vifaranga wa hawa kuku wa kahawia wanatofautishwa kwa rangi siku wanayoanguliwa: majike ni ya kahawia, madume ni meupe au ya njano hafifu. Ukikuta mtu anatembeza boksi la vifaranga vyeupe kwa bei ya chini sana akisema ni kuku wa mayai, kuna uwezekano mkubwa anakuuzia majogoo. Hata ukiyalisha mwaka mzima hayatagi. Kwa Kuroiler udanganyifu ni mwingine. Kuroiler ni chotara, na ukizalisha wewe nyumbani jogoo wake na tembe wake, watoto hawatoki kama wazazi. Wengine wanadumaa, wengine wanataga kama wa kienyeji. Sokoni wajukuu hao wanauzwa kwa jina lile lile na bei ile ile, kwa kuwa rangi zao ni mchanganyiko na nani atajua? Uliza wametotolewa wapi, na wamechanjwa nini. Muuzaji akianza kucheka, ondoka.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, yaani mtoto.

Kule Ecuador mwaka 2015 watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6. Watoto walikuwa 160 hivi kwa jumla, nusu walipewa, nusu hawakupewa. Udumavu kwa waliopewa ulipungua kwa asilimia 47. Habari hiyo ilisambaa sana ilipochapishwa mwaka 2017, nasi tumeitumia katika mafunzo. Lakini jaribio la namna hiyo lilifanyika pia Malawi, wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, na watoto 660, na matokeo yake yalipotoka mwaka 2019 mayai hayakuongeza urefu wa watoto. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba watoto wa pale walikuwa tayari wanakula samaki. Mimi najifunza hivi: yai linasaidia pale ambapo mtoto hapati chakula kingine cha wanyama. Mtoto wa Katwe anayekula posho na maharage siku saba ndiye anayelihitaji. Kama nyumbani kwako kuna mukene mara nne kwa wiki, usijitese kwa ajili ya kuku. Na aliye chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake.

Tatizo jingine ni kwamba mayai ya nyumbani mara nyingi hayamfikii mtoto. Yanauzwa, au yanawekwa kwa baba na wageni. Zamani hapa Buganda wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na kwetu pia kuna wazee wanaosema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Hayo yanapungua, lakini bado nayasikia. Ushauri wangu kwa mwenye kuku 5 wekundu: kwa mayai 250 kila mmoja utapata matatu hadi manne kwa siku. La kwanza la asubuhi ni la mtoto, lipikwe mpaka kiini kikauke, maana yai bichi au lililoiva nusu linaweza kuleta kuhara kubaya. Yanayobaki ndiyo uuze ununue chakula cha kuku. Huenda yasilipe chakula chote, mwingine atalazimika kuongeza kidogo mfukoni. Pima kama hicho kidogo ni chini ya bei ya kumnunulia mtoto yai dukani kila siku.

Na jambo ambalo linaniumiza kuliko yote ni kuku kulala ndani. Najua sababu: wezi. Mtaani kwetu kuku akiachwa nje usiku, asubuhi unakuta manyoya. Lakini mtoto anayetambaa sakafuni anaokota kinyesi na kukiweka mdomoni, na vijidudu vile vinaharibu matumbo hata kama haharishi kila siku. Kuna utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 ulioonyesha kitu cha kutufanya tufikiri: kuwa na kuku kuliendana na watoto warefu zaidi, lakini katika nyumba ambazo kuku walilala ndani na watu, faida hiyo ilipungua au kupotea. Hii nayo ni sababu ya kuchagua kuku wachache. Kuku 5 wanatoshea kwenye banda la mita 1 ya mraba, la mbao na wavu, lenye kufuli, lililoegemea ukuta nje ya dirisha lako. Kuku 15 hawatoshei popote isipokuwa chini ya kitanda.

Kuhusu magonjwa nitasema kwa ufupi. Kideri ndicho kinachomaliza kuku wengi, kienyeji kwa kisasa, nacho hakina dawa. Kuna chanjo ya tone la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachangiane. Msimpe kuku dawa za binadamu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Dawa ya Uganda ilieleza mbele ya kamati ya Bunge kwamba wapo wafugaji wanaowapa kuku na nguruwe dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Dawa hizo zimetoka kwa mgonjwa fulani ambaye siku hiyo hakumeza zake. Kuku wengi wakifa kwa ghafla pamoja, usiwachinje, usiwauze na usiwaguse kwa mikono mitupu. Mwambie mwenyekiti wa LC1 au ofisi ya mifugo ya divisheni. Mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda Januari 2017, kwa ndege wa porini pale Lutembe kando ya ziwa na kwa kuku na bata kule Masaka, kwa hiyo si hadithi ya nchi za mbali.

Kuhusu sheria, Kampala ina sheria ndogo za kilimo na mifugo mjini tangu mwaka 2006, za wakati wa halmashauri ya zamani kabla ya KCCA kuanza kazi mwaka 2011. Zinaruhusu ufugaji kwa kibali na kwa masharti ya usafi. Mwenye kuku 5 hasumbuliwi mara nyingi na maofisa, anasumbuliwa na jirani kwa sababu ya harufu. Samadi ifagiliwe kila siku na iwekwe kwenye gunia lililofungwa. Wanaolima mboga kwenye magunia wataichukua, wengine hata watakulipa. Faida moja ya kuku wa mayai wekundu ni kwamba huhitaji jogoo kabisa ili upate mayai, hivyo hakuna wa kuwaamsha wapangaji saa kumi alfajiri.

La mwisho ni wakati wa kununua, maana watu hawaupangi. Kuku mwekundu anataga vizuri mpaka wiki ya 72 au 80, baada ya hapo chakula ni kile kile na mayai yanapungua. Wengi wanamhurumia na kuendelea kumlisha. Ukinunua kuku wenye wiki 16 mwezi wa Oktoba, wataanza kutaga mwezi wa Novemba, na ifikapo Desemba ya mwaka unaofuata watakuwa na wiki 76 hivi. Huo ndio wakati ambao kila nyumba Kampala inatafuta kuku wa Krismasi. Uza wanne wakati huo, fedha hizo zikusaidie kununua wengine wenye wiki 16 mwezi wa Januari bei ikishashuka, na yule wa tano mchinje nyumbani. Nyama yake ni ngumu kidogo, ichemshwe muda mrefu.